Salamu kwa Niaba ya Bibi

Mjomba Reverien alinipigia simu asubuhi moja ya mwezi wa tano, nikiwa nafua uani kwenye nyumba tunayopanga Kasulu, akaniambia kwamba Bibi Mpawenimana anakuja. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mbolea imefika. Kisha nikamsikia akipenga kamasi, nami nikajua kwamba upande wa pili wa simu analia.

Bibi Mpawenimana ni dada mkubwa wa bibi yangu Esteri. Hawakuwa wameonana tangu bibi alipovuka kutoka Burundi kuingia Kibondo, akiwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Dada yake alibaki. Mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Sisi wa upande huu tukapewa uraia, tukalima, tukazika watu wetu huku. Salamu zilipita kwa wafanyabiashara wa soko la mpakani la Mabamba, na baadaye kwa simu za wajukuu. Lakini kuonana uso kwa uso, hapana. Sasa mwana mmoja wa Bibi Mpawenimana alikuwa amepata gari la kumleta, mahindi yakishavunwa, kabla miguu yake haijakataa kabisa.

"Na bibi yako amekuchagua wewe," mjomba akasema.

Sikuuliza amenichagua kwa kazi gani. Nilijua, na sabuni ikaniteleza mkononi.

Mwaka uliotangulia bibi alipatwa na kiharusi. Wauguzi wa hospitali ya Kabanga walimhudumia kwa upole ambao sitausahau. Mguu wake ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu. Maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu, anacheka pa kucheka, anakasirika pa kukasirika, lakini akifungua kinywa hutoka sauti moja tu isiyo na umbo, naye huifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisichofagiliwa.

Na dada mkubwa hapokelewi kwa shikamoo na soda. Kwa akina bibi kuna salamu inayoitwa akazehe. Wanawake ambao hawajaonana siku nyingi hushikana viwiko, nyuso zikikaribiana, na mmoja huanza kuimba. Anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za shamba, za waliozaliwa na waliokufa, harakaharaka, kama maji yanayoteremka kwenye mawe, na mwenzake humwitikia kwa vipande vifupi bila kuacha pengo. Huweza kuendelea mpaka chai ikapoa. Kwa bibi, mwenyeji ndiye anayeanza. Asipoanza, mgeni anahesabika bado yuko njiani, hata kama ameshakalishwa kwenye kiti.

Mama yangu na ndugu zake walikua wakati ambao kusikika ukiimba Kirundi sokoni kulitosha kuitwa mkimbizi, kwa hiyo walijifunza kunyamaza. Mimi nililelewa na bibi mpaka nilipokwenda sekondari. Kila alipotoka shambani alinishika viwiko kwa utani, akaniimbia salamu nzima kana kwamba nilikuwa mama mwenye wajukuu, nami nilimwitikia huku nikicheka. Katika ukoo wetu wote wa upande huu, wenye salamu hiyo kinywani tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameshanyang'anywa kinywa.

Mjomba alikuwa amejaribu njia nyingine. Alimwambia bibi kwamba siku hiyo wataimba pambio zuri la kanisani, mgeni afurahi, mambo yaishe. Bibi aliisukuma sahani ya ugali mpaka ikaanguka. Kisha akagusa koo lake, akanyoosha kidole kwenye picha yangu ya mahafali iliyo ukutani, nikiwa na joho na tabasamu la kukodi.

Bibi hakujua habari za Pasaka.

Siku ya Pasaka kwaya yetu ya Kasulu ilinipa ubeti wa pili niuimbe peke yangu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mpaka binamu yangu Winnie, ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa akiuimba saluni huku akisuka wateja. Nikasogea mbele. Kinanda kikanipa nafasi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hewa. Magoti yalikakamaa, mabega yakapanda karibu na masikio, shingo ikanivuta kichwa nyuma kana kwamba mtu amenishika nywele. Mwalimu wa kwaya alisubiri kidogo, kisha akaingiza kiitikio, na waumini wakanipigia makofi ya huruma. Afadhali wangenizomea.

"Mwaka huu mlikuwa na ubeti wa kimya," Winnie alisema tulipofika nyumbani. "Kwa heshima ya marehemu gani?"

Nilipomweleza habari ya simu ya mjomba, aliacha kucheka. Akaniambia nimwombe mjomba atafute mtu mwingine. Nikasema hakuna mwingine. Akafikiri.

"Basi bibi wa watu atapokelewa na hewa," akasema. Na kwa sababu ananipenda, akaniwekea chai.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu Dodoma na nikisubiri ajira. Nilikuwa nimepata mkataba mfupi na shirika moja linaloendesha madarasa ya kusoma na kuandika kwa akina mama katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mapumziko yalipofika, nilikuwa nikienda nyuma ya darasa kujifunza kuanza. Sio maneno, maneno nilikuwa nayo. Kuanza tu. Nilisimama kama tulivyofundishwa mstarini shule ya msingi: mguu sawa, kifua mbele, tumbo ndani, kidevu juu. Niliamini kwamba woga ni ulegevu, na ulegevu hutibiwa kwa kukaza. Nikakaza. Kadiri nilivyokaza, sauti ilizidi kuwa nyembamba, nami nikaona bado sijakaza vya kutosha.

Hapo ndipo Mama Anne-Marie aliponikuta.

Chumba chake kilikuwa jirani na darasa langu. Ni mwanamke wa Bukavu, rika la mama yangu, mrefu, anayetembea kama mtu ambaye barabara ni yake. Kwao alikuwa akifundisha waigizaji na waimbaji jinsi ya kuutumia mwili jukwaani, kazi aliyojifunza kwa miaka chini ya mwalimu mmoja wa sanaa. Kambini alipewa chumba awafundishe wanawake wenye maumivu ya mgongo, na jioni alifundisha kwaya za makanisa, ambazo kule ni nyingi kuliko mabomba ya maji.

"Mwalimu," akaniambia, "nani anakuangalia?"

Nikasema hakuna mtu.

"Njo maana ninauliza," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Unasimama sawa askari mwenye anangoja azabu, na hakuna hata koloneli."

Nilitaka kucheka, nikajikuta namweleza yote, Pasaka, simu ya mjomba, sahani ya ugali. Hakuniambia nisiogope. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa mengi, maana kila mtu alikuwa ameshaniambia nisiogope. Alinikalisha kwenye benchi, akaniomba nisimame. Nikasimama. Akaniomba nikae, nisimame tena, na safari hii akaweka kiganja chake nyuma ya shingo yangu, kwa wepesi, kama mtu anayepima joto la mtoto. Nilipotaka kunyanyuka, kabla hata makalio hayajaacha benchi, nikasikia shingo yangu ikijikunja na kichwa kikirudi nyuma chini ya kiganja chake.

"Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Ni kitu ambacho sikujua nakifanya, na kumbe nilikuwa nakifanya kabla ya kila jambo: kabla ya kupokea simu, kabla ya kufungua mlango wa ofisi ya mtu, kabla ya kuimba. Woga wangu haukuzaliwa kanisani. Kanisani watu walikuwa wengi tu, na shingo ikafanya kwa nguvu kile ilichokuwa ikifanya kila siku kwa siri.

Basi tukaanza, kila mapumziko. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo mpaka inatia aibu kuieleza. Nilikaa nikasimama. Nilitembea nikasimama. Na kabla ya kila tendo, Mama Anne-Marie alitaka nisimame kwanza ndani yangu, nisifanye lolote, niache shingo ipumzike, kichwa kikae juu ya uti wa mgongo bila kushikiliwa, magoti yakumbuke kwamba yanaweza kukunjika. Nilipojaribu kunyoosha mgongo alinikataza. Nilipotoa kifua mbele alinikataza.

"Usitafute mkao," alikuwa akisema. "Acha kujibana. Mkao utakuja wenyewe."

Siku nyingine alinilaza chali kwenye mkeka, magoti juu, vitabu viwili chini ya kichwa, macho wazi, nisifanye kitu. Mara ya kwanza nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka wanawake wa mgongo walikuwa wakifanya mazoezi yao kunizunguka, wakinong'ona, na mmoja wao alikuwa amenifunika kitenge chake.

Winnie aliponikuta nimelala sakafuni chumbani kwetu na kamusi chini ya kichwa, aliuliza kama nimehamia huko chini rasmi. Nilipomweleza, akasema hayo yote ni kupoteza muda, nibebe ndoo ya maji kichwani kama wanawake wote wenye shingo nzuri. Niliona ni ushauri wenye akili, nikaupeleka kambini. Mama Anne-Marie alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha wanawake wake waliokuwa wakingoja mlangoni, wengi wakiwa wamejishika viuno.

"Hawa wote walibeba ndoo," akasema. "Ndoo inafundisha kubeba ndoo."

Polepole nikaanza kuona mambo. Nilijiona ubaoni nikiandika kwa bega lote, nikaacha, na chaki ikaandika vilevile. Wanafunzi wangu waliniambia siku hizi siwafokei, nami sikujua kwamba nilikuwa nikiwafokea. Nilipokea simu za mjomba bila kuivuta shingo. Hatimaye nikamwimbia Mama Anne-Marie mwanzo wa salamu, nikisubiri kwanza, na sauti ikatoka, ya kwangu, nzima. Nikaimba mbele ya wanawake wa mgongo. Ikatoka tena. Walifurahi, wakapiga vigelegele, nami nikamgeukia mwalimu wangu nikitarajia sifa.

Alikuwa amekunja uso.

"Hiyo salamu, munaiimba mukiwa mbalimbali?"

Nikasema hapana, tunashikana viwiko.

Akaitazama mikono yangu. Kisha akasema kwamba amekuwa akinifundisha siku zote hizo kama mtu wa kusimama jukwaani peke yake, na kumbe kazi yenyewe ni ya watu wawili, na mimi mwalimu mzima sikuona kwamba hilo lilifaa kusemwa. Akanyoosha mikono. "Shika."

Nikamshika. Nilimshika kama mtu anayezama.

"Ona," akasema. "Jukwaani watu wanaona woga wako na macho. Huyu bibi ataupata ndani ya mifupa yake. Mikono yako itamwambia nini mbele ya mudomo kufunguka?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo. Kuanzia siku iliyofuata tulifanya kazi ya mikono tu. Alinifundisha kuiweka chini ya viwiko vya mtu bila kubana na bila kulegea, kuwa pale tu, nisidai kitu. Aliniambia mikono ya namna hiyo haiwezekani kama shingo imekaza. Nilijaribu kumdanganya nikiwa nimekaza. Alijua kila mara.

Mwisho wa mwezi wa saba nilimwomba aje nami Kibondo, akae nyuma yangu tu. Alitabasamu, akasema Kibondo si mbali kwa mtu mwenye kibali cha kutoka kambini. Sikuwa nimefikiri. Akanigonga begani kwa upole, akaniambia nisibebe na hilo, nina ya kutosha.

Nilifika Kibondo, kwa mjomba anakoishi bibi, siku moja kabla ya mgeni, pamoja na Winnie. Bibi alinipokea kwa kunishika uso kwa mkono wake mzima, akanitazama muda mrefu, akanigusa koo. Nikamwambia nitajaribu. Akatikisa kichwa, akanigusa koo tena. Kujaribu hakukuwa alichokuwa akiomba.

Jioni niliomba vitabu niweke chini ya kichwa nilale mkekani kidogo. Nyumba ya mjomba ina Biblia na kitabu cha nyimbo. Mjomba akasema hivyo si mito, akaniletea kipande cha ubao, kisha akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama nina malaria. Bibi, kutoka kwenye kiti chake, alicheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika.

Mpango ulikuwa huu. Gari litasimama kwenye njia ya kuingilia. Bibi Mpawenimana atashuka, mimi nitamwendea nikiwa nimesimama, nitamshika viwiko, nitaanza. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusimama, kumwendea, kusubiri, kushika. Nilikuwa nimeifanya njia ile mara nyingi kiasi kwamba mbwa wa mjomba aliacha kunifuata.

Gari likaja likiwa jekundu kwa vumbi. Majirani walikuwa wamejaa, akina mama wakapiga vigelegele, Winnie akanyanyua simu yake kurekodi. Mlango ukafunguliwa. Bibi Mpawenimana alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Safari ilikuwa imemvimbisha miguu, na nyayo zake zilipogusa ardhi zilikataa. Mwanawe akainama ambebe, mama yake akamsukuma. Alisema kwa Kirundi kwamba hataingizwa kwa mdogo wake kama gunia. Mke wa mjomba akakimbia na mkeka, akautandika palepale kando ya tairi, na mgeni akashushwa akakaa, miguu ameinyoosha mbele, kitenge chake kikiwa kimejaa mikunjo ya safari.

Kila mtu akanitazama mimi.

Yote niliyokuwa nimejifunza, nilijifunza nikimshika mtu aliyesimama. Nikaanza kutafuta: nipige magoti upande gani, niiname kiasi gani, mikono ipite wapi. Nikasikia magoti yakikakamaa. Mabega yakaanza safari yao. Shingo ikanishika, ileile ya Pasaka, nikajua kwamba nikifungua mdomo sasa hivi itatoka hewa.

Kimya kikawa kirefu. Jirani mmoja mwenye nia njema akaanzisha pambio kuniokoa. Bibi Esteri, kwenye kiti chake barazani, akainua fimbo yake, na pambio likafia kwenye neno la kwanza. Akaishusha fimbo. Akangoja. Alikuwa ameamua kwamba kimya hicho ni changu na hakuna wa kunipokonya.

Usitafute mkao. Nilikumbuka kiganja cha Mama Anne-Marie kuliko nilivyokumbuka maneno yake. Nikaacha kutafuta. Sikufanya kitu chochote, mbele ya kijiji kizima, nikiwa na chuo changu cha ualimu na gauni langu la kushonesha. Shingo ikangoja nayo, kisha ikaachia kidogo. Magoti yakakumbuka kwamba yanakunjika, yakanipeleka chini yenyewe, nikajikuta nimepiga magoti mkekani mbele ya bibi mkubwa, macho yetu yakiwa sawa. Nikaweka mikono chini ya viwiko vyake. Vilikuwa vyepesi kama mabua.

Vilikuwa vinatetemeka.

Hakuna aliyekuwa amenifikirisha hilo. Miezi miwili na zaidi nilikuwa nimemwaza kama mtu wa kunisikiliza. Sikuwaza kwamba mwanamke huyu alikuwa ameibeba salamu hii zaidi ya nusu karne, na sasa alikuwa karibu kuulizwa habari za wafu wake mbele ya watu asiowajua, katika nchi isiyo yake. Mabega yake yalikuwa masikioni. Nililijua umbo hilo kwa ndani. Nikamwonea huruma kiasi kwamba nilisahau kujitazama, na shingo yangu ikaachia yote iliyokuwa imebaki.

Nikaanza. Sauti haikuwa kubwa. Niliimba kwamba amahoro, amani, karibu, ni Esteri anayekusalimu, leo amekuja kwa kinywa cha mjukuu. Nikamuuliza habari za watoto. Nikamuuliza habari za kilima cha kwao na za kisima ambacho bibi alikuwa akinisimulia, walipokuwa wakiteka maji wakiwa wasichana.

Hakuitikia.

Salamu ile hairuhusu pengo, na pengo lilikuwa hapo, baya kama la kanisani, ila sasa lilikuwa lake. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu niliyekuwa wakati wa Pasaka angeongeza sauti, au angeacha. Nikapunguza. Nikarudia swali la kisima, polepole, nikaiacha mikono yangu pale ilipo, bila kumvuta, bila kumbana, bila kumdai. Nikahisi viwiko vyake vikizidi kuwa vizito mikononi mwangu. Mabega yake yalikuwa yanashuka. Akavuta pumzi ndefu, ya tumboni.

"Ego," akaimba. Ndiyo.

Halafu maji yakafunguka. Aliitikia, akauliza na yeye, nikaitikia, akaniacha nyuma, nikamkimbiza. Aliwataja waliozaliwa. Aliwataja waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao sikuwajua, lakini salamu iliwabeba wote kwa mwendo uleule, haikumwangusha hata mmoja. Akafika kwa mama yao. Akamwimba jina.

"Ego."

Sikuwa mimi, wala hakuwa yeye. Ilitoka barazani, safi, mahali pake hasa. Bibi Esteri, ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kuomba maji ya kunywa, alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, kinywa wazi. Dada yake akauliza tena, sauti ikivunjika. Bibi akaitikia tena, neno lilelile moja, zima.

Mjomba Reverien alivua kofia. Kisha yeye na Winnie, aliyekuwa ameiacha simu yake kwenye boneti ya gari ikirekodi mawingu, wakamwinua bibi na kumshusha mkekani. Nikavitoa viwiko vya Bibi Mpawenimana mikononi mwangu taratibu, nikaviweka mikononi mwa mdogo wake, nikarudi nyuma kidogo. Pale bibi aliposhindwa kuuliza, niliuliza mimi kwa niaba yake. Pale pa kuitikia, aliitikia mwenyewe. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

Baadaye muuguzi mmoja alituambia kwamba jambo hilo huwapata wengine wenye kiharusi: maneno yaliyokataa kusemwa hukubali kuimbwa, na kwamba inafaa kuliendeleza kwa uvumilivu. Nilifurahi kusikia kwamba si muujiza. Muujiza huja ukaondoka, lakini kitu cha kawaida unaweza kukitegemea kesho. Sasa bibi ana maneno machache, yote ya kuimba. Anaimba maji, anaimba Reverien. Mjomba analalamika kwamba nyumba yake imekuwa kwaya na yeye ndiye anayepangiwa sauti, na akilalamika hivyo anatabasamu mpaka unaona jino lake la dhahabu.

Jumatatu nilirudi kambini na simu ya Winnie. Mama Anne-Marie aliitazama video mpaka mwisho, na mwanzoni alizima sauti. Hakutaka kusikia. Alitaka kuona mabega.

"Hapa umepotea," akasema. Akangoja, uso karibu na kioo. "Hapa umerudi." Na video ilipofika kwenye mawingu aliendelea kuyatazama, kisha akaniomba niirudishe mwanzo, safari hii na sauti.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani. Mimi ni mtu wa kuandaa maneno. Lakini wanawake wa mgongo walikuwa wameshaanza kuingia na mikeka yao, na maneno yote niliyoandaa yalikuwa ya mahafali. Nikamwendea, nikaweka mikono chini ya viwiko vyake. Mwili wake ukakaza papo hapo, yeye mwenyewe, mabega juu, kichwa nyuma.

"Shingo, Mama," nikamwambia.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akadondosha mkeka. Mama Anne-Marie alicheka pia, na kucheka kukamshusha mabega. Akasema haijui salamu hii, ataitikia nini. Nikamwambia neno ni moja tu, aliseme pale atakapoweza.

Nikasubiri kidogo. Kisha nikaanza. Nilimwimbia kwa Kirundi cha bibi yangu, nikamuuliza habari za watoto, naye akaitikia ego. Nikamuuliza habari za wanawake wake na migongo yao, na wote wakaitikia pamoja naye. Nikamuuliza habari za Bukavu, za nyumba, za waliobaki. Hapo hakuitikia.

Sikuongeza sauti, wala sikuivuta mikono yangu. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Mikono yangu ilikuwa chini ya viwiko vyake, au yake chini ya vyangu, sikuweza tena kujua, na hakuna aliyekuwa na haraka.